Namba ya Kuanzia ya Kiboko

Hadithi, hadithi!
Ije, tumekaa.
Ina miguu minne na tumbo moja.
Tumbo ndilo tunalolitaka.

Zamani, lakini si zamani sana, maana kompyuta zilikuwepo, wanyama walilima matikiti kando ya bwawa. Mwaka huo mvua iligoma na bwawa likabaki tope. Mama Digidigi alikuwa na watoto wawili, na maji waliyokunywa yalitoka ndani ya matikiti hayo. Bila matikiti wangekufa. Nasema mapema ili msianze kucheka kabla ya wakati.

Akaja Kiboko. Ndi! Ndi! Ndi! Akasema asipopewa fungu lake, atagaagaa shambani mpaka pawe uwanja. Tena fungu lenyewe likue kila siku: likiwa dogo likue polepole, likiwa kubwa likue upesi. Mlafi huyo hata tamaa yake alikuwa ameipangia ratiba.

Mlinzi wa shamba alikuwa Tembo. Akasema mapatano si kazi yake. Kazi yake ni wezi, na mwizi akimkamata humrusha ng'ambo ya kilima. Mama Digidigi akalia. Hakuna aliyemlaumu.

Nguchiro, mnyama mdogo anayetosha ndani ya kapu, alikuwa na kompyuta ya kutatua hesabu za vitu vinavyokua na kupungua. Akaomba matakwa ya Kiboko yaandikwe humo, yasije yakasahauliwa. Ti-ti-ti, tii! Jibu likatoka: fungu ni C mara ukuaji.

"C ndiyo nini?" Kiboko akauliza.

"Namba ya kuanzia, Bwana Mkubwa. Kompyuta haiijui bado. Yaweza kuwa namba yoyote."

Hilo neno "yoyote" lilimwingia Kiboko vizuri. Akaamuru mbele ya C iwekwe kumi. Nguchiro akaandika. Ti-ti-ti, tii! Jibu likatoka: fungu ni C mara ukuaji.

Kiboko akauliza kumi yake imekwenda wapi. Nguchiro akamwambia C imeimeza, gukuu! Namba yoyote ukiizidisha kwa kumi, si bado ni namba yoyote? Ya nini kuandika mbili penye nafasi ya moja? Kiboko akafikiri, kazi asiyoizoea, akakubali.

Akataka C ya pili, ya mkewe, ijumlishwe na yake. Ti-ti-ti, tii! Gukuu! Fungu ni C mara ukuaji. Akataka C ya tatu, ya wanawe. Ti-ti-ti, tii! Gukuu! Fungu ni C mara ukuaji.

"Kwa hiyo hii moja ina zote ndani?"

"Zote, Bwana Mkubwa. Haijaachwa hata punje."

Kiboko akafurahi mpaka tope likaruka. Akakanyaga chini, alama ya wayo wake ikawa sahihi yake, na wanyama wote wakashuhudia kwamba hatadai kingine ila hiyo C na ukuaji wake.

"Sasa nipeni," akasema.

"Tunakupa," Nguchiro akasema. "Limebaki swali moja, ndilo linalotupa C, maana fungu huanza kukua kutoka kwa kile ulichokwisha kula. Mpaka dakika hii ya kuanza, umekwisha kula matikiti mangapi ya shamba hili?"

Mbegu tatu za tikiti zilikuwa zimemganda Kiboko shavuni. Matikiti manne yalikuwa yamepotea tangu juzi, na kila mtu alijua. Tembo akasogea karibu, akanyoosha mkonga taratibu.

"Hata moja," Kiboko akasema. "Sijaonja hata moja."

Ti-ti-ti, tii! C ni sifuri.

Nguchiro akamsomea Kiboko jibu bila haraka. Leo fungu lako ni sifuri. Kesho sifuri mara ukuaji, sifuri. Kesho kutwa sifuri. Na ya mkeo na ya wanao zimo humo humo.

Kiboko akamtazama Tembo, akautazama wayo wake ardhini, akaondoka. Ndi. Ndi. Ndi. Mama Digidigi akapasua tikiti, na watoto wake wakanywa mpaka wakalala palepale.

Funzo lake? Watoto wangu, ukiiba, kiri. Kiboko angekiri kipande kimoja tu, hesabu ingemlisha shamba zima. Tembo angemrusha, sikatai, lakini angeruka akiwa tajiri.

Ngano nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe.