Kenge na Sarafu ya Shekue

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Wa nyuma sogeeni. Kabla sijaanza ngano, nina aibu yangu ya kuitoa kifuani.

Nilipokuwa kijana, kwenye bustani ya mji wetu kulikuwa na birika la maji yanayoruka juu. Watu walikuwa wakitia senti humo, kila mmoja na nia yake moyoni. Mimi nilivua viatu, nikaingia, nikapekua. Sikuwa na njaa, Mungu ni shahidi. Nilikuwa natafuta zile za kale, zenye tundu, nikajivune nazo mbele ya wenzangu. Nikajiambia, aliyetupa ameacha. Nilipomwonesha shangazi yangu nilichookota, hakunipiga wala hakunikemea. Alinikalisha chini akanipa ngano hii. Nami leo nawapa nyinyi.

Haya. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na maji!

Maji ya nani?

— Ya wote!

Na kilichomo ndani ya maji?

— Tuambie wewe!

Basi sikilizeni.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wakati wanyama na ndege wakiamkiana asubuhi na kuzikana jioni, palikuwa na nchi yenye chemchemi moja tu. Maji yalitoka mwambani, yakaingia katika birika la mawe. Mwenye pembe alikunywa hapo, na asiye na pembe alikunywa hapo.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi yake. Mtu akienda safari ndefu, alifika birikani, akaweka sarafu moja chini ya maji, akasema, "Nitakuja kuitoa mwenyewe." Akirudi, aliizamia, akampa maskini, na vigelegele vikapigwa. Asiporudi, sarafu yake ilibaki pale pale. Haikuguswa. Wako waliokuwa hawana kaburi la kuzuru isipokuwa sarafu ile.

Kazi ya kusafisha birika alipewa Kenge, kwa kuwa anajua kuzama na pumzi yake ni ndefu. Kila mwezi ukiandama alitoa tope, akainua sarafu moja moja, akaifuta, akairudisha mahali pake. Huyu Kenge zamani alikuwa mwizi wa mayai, akifukuzwa kwa magongo kila kiambo. Tangu apewe birika aliapa kuacha, na akaacha kweli. Watoto wakaanza kumwamkia, "Shikamoo, Mzee Kenge." Akiitikia, moyo wake ulijaa.

Sasa, katika nchi hiyo alikuwapo mjane mmoja, Bi Kanga. Mwanawe alikuwa mmoja tu, jina lake Shekue. Vita vilipozuka ng'ambo ya mto, Shekue aliitwa. Siku ya kuondoka alichukua sarafu nyekundu yenye tundu, akaidonoa ukingoni kwa mdomo wake mpaka ikaacha alama.

"Mama," alisema, "ukiiona alama hii, umeniona mimi."

Akaiweka majini karibu na ukingo, mahali ambapo mama anaweza kuiona. Akaenda. Hakurudi. Walioleta habari walisema ameanguka, wala hawakujua alipozikwa.

Basi kila Ijumaa Bi Kanga alikuja birikani, akainama, akasema, "Assalamu alaikum, mwanangu." Akakaa kidogo. Akaenda zake. Kenge akimwona anakuja, alisogea kando amwachie nafasi.

Siku moja akaja Kunguru kutoka nchi ya mbali, shingoni amevaa uzi uliotungwa sarafu za kila aina.

"Hodi, mzee mwenye maji!"

"Karibu, bwana mwenye koti. Joto hili hulioni?"

"Koti nimezaliwa nalo, mzee wangu, nitalivua wapi? Mimi ni mtu wa vitu vya kale. Humo ndani naona sarafu ambazo hazifuliwi tena duniani. Nipatie moja."

"Hizo ni amana."

"Nani kakwambia uibe? Mimi nakupa mpya, inang'aa. Toa moja, tia moja. Nani atalia?"

Akainua bawa lake, akabingirisha yai moja mpaka miguuni pa Kenge. Lilikuwa bado lina joto.

Kenge akalitazama yai. Akawaza, "Ni kweli. Toa moja, tia moja." Akazama, akaitoa sarafu ya Ndezi mmoja ambaye ukoo wake wote ulikwisha hama. Akatia mpya. Akala yai. Siku zikapita, hakuna aliyelia.

Kunguru akaja mara ya pili.

"Toa moja, tia moja. Nani atalia?"

Akabingirisha mayai mawili. Kenge akazama, akaitoa sarafu ya baba yao akina Pongo. Watoto wa Pongo wakaja, wakanywa, wakapigana mateke ya mchezo, wakaenda bila kutazama chini. Hakuna aliyelia.

Kunguru akaja mara ya tatu. Safari hii alisimama ukingoni, akainamisha shingo upande mmoja, akatazama kwa jicho moja.

"Naitaka ile nyekundu. Yenye alama ya mdomo."

"Ile hapana," alisema Kenge. "Ile ina mama."

"Zote zina mama, mzee. Mbona kwa zile mbili hukuuliza?"

Kunguru akabingirisha mayai matatu. Kenge akageuza uso. Harufu ikamfuata. Akajiambia, bibi yule ni mtu mzima, macho yake yamefifia, atajuaje? Tena sarafu ni sarafu. Akazama. Alipoishika, kidole chake kiliigusa ile alama, naye akaijua. Aliijua kabisa, ndugu zangu, wala asije mtu akasema alipitiwa. Akaitoa, akatia mpya.

Ijumaa ikafika. Bi Kanga akaja, akainama.

"Assalamu alaikum, mwa..." Akainama zaidi. "Mzee Kenge, hii siyo yake."

"Ni yake, Bi Kanga. Maji yameisugua, imetakata."

"Ilikuwa nyekundu."

"Macho ya utu uzima hayo, dada yangu."

"Na alama aliyoidonoa?"

"Maji hula jiwe, sembuse shaba."

Bi Kanga akanyoosha mkono juu ya maji. Halafu akasema polepole, "Basi niinulie niishike. Mkono wangu utaijua."

"Kesho," alisema Kenge. "Leo maji yana tope. Njoo kesho, inshallah, nitakuinulia."

Maji yalikuwa meupe, mtu angeweza kuhesabu kokoto. Na jina la Mungu alilitia katika uongo wake.

Bi Kanga hakuondoka. Alikaa pale pale ukingoni. Kenge akakimbia juani, akapita vichakani, akavuka kilima, akifuata njia aliyorukia Kunguru. Akamkuta kwenye mti aliofikia, anatunga uzi.

"Nirudishie ile nyekundu! Mwenyewe anaitaka!"

"Ile?" Kunguru hakuinua hata uso. "Nimempa Korongo jana, mimi naye tunabadilishana. Ameshavuka bahari."

"Nitakurudishia mayai!"

"Mayai uliyoyala?" Kunguru akacheka. "Mzee, usinitie huzuni. Chukua hii nyingine, nayo ni nyekundu, ina tundu. Toa moja, tia moja. Nani atalia?"

Kenge akaichukua, maana hakuwa na la kufanya. Akarudi mbio. Njiani akajifunza maneno ya kumwambia: ilikuwa imeteleza, nimeipata, shika hii. Na kwa jiwe akawa anaichonga ukingoni ipate alama.

Alipofika, ukingoni hapakuwa na mtu.

Bi Kanga alikuwa amengoja mpaka jua likapinduka. Akawaza kwamba sarafu ya mwanawe imeteleza ikaingia kule kilindini. Mama hangoji kesho. Akashuka mwenyewe. Kanga hajui kuogelea, ndugu zangu. Manyoya yakanywa maji, yakawa mazito.

Kenge alimwona chini, amelala juu ya sarafu za watu, mabawa yamefunguka. Akazama. Pumzi yake ndefu ilimfaa nini? Alimtoa amekwisha kuwa baridi.

Watu wakakusanyika, wakaiona ile sarafu ya kuchongwa mkononi mwa Kenge. Jumbe wao, Nungunungu, akafika na miiba yake imesimama.

Kima akapiga kelele, "Apigwe! Nilisema mwizi wa mayai hafugiki, mkanicheka!"

Jumbe akasema, "Ngojeni. Kenge, ulichukua nini humu?"

Hapo Kenge alisema yote. Alitaja ya Ndezi, akataja ya Pongo, akataja ya Shekue. Akataja mayai sita. Kisha akasema, "Lakini sikuiba, Jumbe. Nilibadilisha. Nilitoa moja, nikatia moja. Zilizomo zimetimia."

Jumbe Nungunungu akamwonyesha Bi Kanga aliyelala mchangani.

"Haya, badilisha na huyu. Mtoe huyu, utuletee mwingine. Moja kwa moja."

Kenge akafungua kinywa. Neno halikutoka. Ulimi ukatoka, ukaingia. Ukatoka, ukaingia.

Hawakumpiga. Walimzika Bi Kanga kando ya maji. Kenge aliomba achimbe yeye, wakamkatalia. Akaomba ashike upande mmoja wa jeneza, wakamkatalia. Kesho yake watoto walipita birikani, wakamwona, wakainamisha vichwa wakapita. Hakuna aliyemwamkia. Si siku ile, si mwaka ule.

Ndiyo maana mpaka leo Kenge hana kwao. Nchi kavu anafukuzwa, majini hakai. Utamkuta kandoni mwa maji, akiburura tumbo topeni, ulimi unatoka na kuingia. Watu husema anatafuta mayai. Shangazi yangu alisema hapana, anatafuta neno la kumwambia yule mama.

Funzo la ngano ni hili: kilichowekwa hakikutupwa. Wewe unaona shaba na tundu. Mwenyewe anaona mtoto. Na anayesema "hakuna aliyelia" hakukaa kungoja amsikie anayelia.

Ngano yangu imefika kisimani, imeweka mtungi. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi niliyeileta.

Nami nawaomba jambo moja. Ukifika kwenye maji ya watu, kunywa, nawa, mshukuru Mungu, uende zako. Cha chini kiache.