Senkondo na Mbega wa Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie, masikio tumeyafungua!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu, aliishi mkulima aitwaye Senkondo pamoja na mama yake, Nakijwa. Juu yao palikuwa na mlima wenye msitu mnene. Humo ilitoka chemchemi, ikateremka kwa mfereji, ikanywesha magimbi na maharage yao.

Siku moja Senkondo akakwea na shoka apanue shamba. Mbega akamwita kutoka mtini.

"Bwana Senkondo, usikate. Miti hii hukamata ukungu ikakutunzia maji."

"Mimi nala maharage, sili ukungu."

Akakata. Akavuna sana.

Mwaka wa pili akakwea tena. Mbega akamsihi, "Bwana Senkondo, usikate." Akakata. Safari hii akavuna kidogo, na mfereji ukapungua. "Nikiongeza shamba nitafidia," akasema.

Akakwea mara ya tatu, hadi chemchemi yenyewe. Mbega akalia, "Bwana Senkondo, usikate!" Akakata. Mbega akambeba mwanawe, akahamia msitu wa ng'ambo ya mlima.

Mvua ikaja kwa kishindo, ikazoa udongo wote mweusi, ikaufukia mfereji kwa tope. Kisha jua likawaka, likawaka. Magimbi yakanyauka. Majirani wakafunga mizigo, wakaondoka. Nakijwa alikuwa mgonjwa, hakuweza kutembea.

"Mwanangu, nipe maji ya mlimani, yale ya baridi."

Senkondo akatwaa kibuyu, akakimbia. Penye chemchemi akakuta mawe makavu. Akavuka mlima mpaka kwa mbega, akapiga magoti.

"Ndugu yangu, nirudishie maji! Mama anakufa!"

"Sikuyachukua, bwana," mbega akasema kwa huruma. "Yaliondoka na miti."

Hata hivyo akamjazia kibuyu kwa umande wa majani. Senkondo akarudi mbio, asimwage hata tone. Akamkuta mama amekwisha kukata roho, midomo imepasuka.

Maji yale akamnawisha uso.

Baada ya maziko akaanza kupanda miche mlimani, huku akilia. Akazeeka akipanda. Wajukuu wa majirani ndio waliorudi wakakuta mfereji unatiririka. Yeye alikuwa amekwisha kufa, maji hayo hakuyaonja.

Basi, wanangu, msitu wa mlimani ndio mlinzi wa maji ya shamba. Kuufyeka ni kazi ya siku chache, kuurudisha ni kazi ya maisha.

Ngano yangu imefika ukingoni. Palipo pachungu pakumbukeni, palipo patamu mgawane.