Kanuni ya Pili ya Poka

"Ficha karata, funua shida."

Maneno hayo Tatu aliyapata shuleni, kwa mwalimu wake wa darasa, aliyemwuliza mara mbili kwa nini amekuwa mnyonge wiki nzima, naye akajibu mara mbili kwamba hana neno. Jioni yeye na binamu zake walipokuwa wakichambua mchele na bibi yao, Bi Somoe, Tatu akauliza msemo huo umetoka wapi. Bi Somoe akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Umetoka kwa babu yenu Chilumba," akasema, "tena siku hiyo mdomo wake ulikuwa umeungua. Sikilizeni ulivyozaliwa."

Zamani kidogo, katika kijiji hiki hiki juu ya uwanda wa Makonde, wanaume wanne walikuwa wakikutana kila Jumamosi usiku barazani kwa Likonde kucheza mchezo wa karata uitwao poka. Likonde aliwahi kuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na huko ndiko alikojifunza mchezo huo, au tuseme alijifunza nusu yake. Kanuni alikuwa ameziandika kwenye karatasi, lakini mchwa waliila karatasi, ukabaki mstari mmoja tu wa juu: *Kanuni ya kwanza, ficha karata.* Mengine yote yalikuwa ya kubishania. Wiki hii ree ilikuwa kubwa kuliko mfalme, wiki ijayo ilikuwa ndogo, kutegemea nani kaishika.

Fedha hawakuchezea. Walichezea korosho ghafi, zikiwa ndani ya maganda yake. Zilizobanguliwa walikwisha kuziacha tangu usiku ule Mkwavila, mmoja wa wale wanne, alipotafuna dau lote kabla mchezo haujafika katikati. Lakini ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, kwa hiyo dau la ghafi lilikuwa salama. Aliyezikusanya korosho zote alipewa siku ya majembe: wenzake watatu walikwenda kumlimia shamba lake kutwa nzima.

Jumamosi hiyo Chilumba alikwenda akiwa na lake moyoni. Wiki tatu nyuma alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi akiezeka banda la mbuzi, na mgongo ukakataa kuinama. Hakumwambia mtu ila mkewe, ndiye mimi. Na angesemaje? Kila mwaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza palizi, na kila mwaka aliwacheka waliochelewa. Sasa nyasi zilikuwa zimefika kiunoni chini ya mikorosho arobaini aliyoachiwa na mama yake, tena zimekauka, na watu wa bondeni walikwisha kutangaza kwamba Jumatano watachoma mashamba yao. Cheche moja ingetosha.

"Waambie wenzako," nilimsihi.

"Niwaambie Chilumba kashindwa na nyasi? Nitashinda siku ya majembe kwenye karata. Hapo sijamwomba mtu."

Basi akakaa barazani, wima kama mwiko uliosimama kwenye ugali.

"Leo umekaa kama bwana harusi," Mkwavila akamtania.

"Cheza, acha maneno."

Mkwavila ndiye aliyeishiwa korosho kwanza. Namkuna, fundi baiskeli, akamfuata huku akiilaumu taa. Wakabaki Chilumba na Likonde. Chilumba alipochungulia karata zake akaona kumi tatu. Moyo ukamruka, lakini uso haukusema kitu. Akasukuma korosho zake zote katikati.

Likonde akaanza kukuna kidevu. Alikikuna muda mrefu. Katika kungoja, Chilumba aliuona akilini moto ukipanda kutoka bondeni, akaiona mikorosho ya mama yake ikigeuka makaa mmoja mmoja. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye lundo, ukaokota korosho, ukaitia kinywani. Akaing'ata.

"Mama yangu weee!"

Alitema, akaruka, akapepea mdomo, karata bado kazibana kifuani. Mkwavila alianguka chali kwa kicheko. "Jamani, katafuna ghafi! Mmakonde mzima na ndevu zake!"

Likonde hakucheka. "Chilumba," akasema polepole, "hapa kwetu hata mtoto anayetambaa haing'ati ghafi. Akili yako iko wapi?"

"Ipo."

"Iko wapi, ndugu yangu?"

Labda ni maumivu ya mdomo, labda ni ya mgongo. Chilumba alikusudia kusema hana neno, yakatoka mengine. "Iko shambani. Mgongo wangu umekufa, siwezi kuinama. Nyasi zimenizidi, na Jumatano wanachoma."

Kicheko kikamkauka Mkwavila. "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Na juzi ulinisaidia kubeba gunia?"

"Nilibeba huku nikilia kimoyomoyo."

"Pumbavu wee!" Mkwavila akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Likonde akafunua karata zake: wafalme watatu. Chilumba akafunua zake. Kumi tatu hazikufua dafu. Akazitazama korosho zikivutwa upande wa pili, akainamisha kichwa.

"Nimeshinda," Likonde akasema. "Siku ya majembe ni yangu, na naipeleka nitakako. Kesho alfajiri tunaanza kwa Chilumba. Nani anapinga?"

"Mimi," akasema Namkuna. "Alfajiri ya nini, na mbalamwezi yote hii?"

Walikwenda alfajiri hata hivyo, na wake zao nyuma yao. Chilumba alikalishwa kwenye kigoda, mdomo umeumuka kama andazi, akakatazwa kugusa jembe. "Mmeacha nyasi pale!" alipiga kelele, na Mkwavila akamjibu, "Nyamaza, mdomo wewe!" Jioni chini ya mikorosho palikuwa peupe kama uwanja. Jumatano moto ulikuja kweli, ukafika mpakani, ukakosa cha kula, ukafa.

Jumamosi iliyofuata Likonde aliileta ile karatasi iliyoliwa na mchwa, akaomba kalamu. "Kanuni ya pili nimeikumbuka," akasema.

"Mwongo," wakasema wote.

Akaandika chini ya ile ya kwanza: *Funua shida.*

Hapo Bi Somoe akamaliza hadithi. Binamu walikuwa wakicheka bado, wakimwigiza babu yao kupepea mdomo. Tatu hakucheka.

"Bibi," akasema, "mimi nilimwambia mwalimu sina neno."

"Najua. Toka tumeketi hapa unachambua punje zile zile." Bi Somoe akausogeza ungo pembeni, akamvuta karibu. "Ficha karata, funua shida. Haya, mjukuu wangu, funua."