Risasi za Faki

"Mvue risasi ndipo umvute." Jana mlimsikia mama yenu akisema hivyo, mkaja kuniuliza ni risasi za bunduki gani. Si za bunduki, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Nilipokuwa kijana mwenye kifua, mimi na rafiki yangu Faki tulizamia majongoo ya bahari hapa Mkoani kwa mitungi ya hewa. Mzamiaji hujifunga kiunoni mkanda wenye vipande vya risasi, yale madini mazito, ili asielee juu ya maji. Vyetu tuliviyeyusha wenyewe kutoka betri mbovu za magari, ndani ya sufuria ya mama yake Faki. Alipogundua, alitukimbiza na mwiko hadi barabarani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Siku zile hazirudi.

Boti yetu ya mashine iliendeshwa na Riziki, dada yake Faki. Huyo ndiye bibi yenu, Mungu amrehemu.

Asubuhi moja Faki aliamka na homa, akaificha. Tukiwa chini nikamwona anatetemeka, nikamwashiria tupande. Tulipanda polepole, lakini mkondo ulikuwa umeshatutenga na boti. Kufika juu alitapika, macho yakamgeuka, akalegea.

Nikamkamata kwapani, nikapiga maji kwa miguu kuelekea boti kwa nguvu zangu zote. Kila nikimvuta, alizama, akanizamisha na mimi. Maji ya chumvi yakanijaa puani. Riziki akatuona, akaja mbio, akazima mashine karibu yetu isitukate.

"Mvue risasi!" akapiga kelele.

"Nimemshika! Nafika sasa hivi!"

"Hufiki popote, Shaame! Mtazame mdomo, uko ndani ya maji! Mvue risasi ndipo umvute!"

Nawaambieni ukweli: mkono wangu ulisita. Nilizionea huruma risasi zile, jinsi tulivyozihangaikia. Kisha nikamwona Faki midomo imekuwa ya buluu, nikafyatua kifungo. Mkanda ukaenda chini. Faki akaelea mwepesi kama kifuu cha nazi. Nikamgeuza uso juu, Riziki akamshika mabegani, tukampandisha.

Hospitali walisema ni malaria kali. Siku ya tatu alifumbua macho, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Risasi zangu ziko wapi?" Riziki akacheka huku analia.

Mwaka uliofuata, binti mmoja wa jirani, Mchanga, aliacha kwenda shule. Wazee wakakusanyika kumkaripia. Mmoja akataka achapwe, mwingine akataka aburutwe hadi darasani. Riziki alikuwa akipita na ndoo ya maji, akaitua.

"Wazee wangu, shikamooni. Mtoto huyu anamuuguza mama yake peke yake tangu mfungo wa Ramadhani. Nani kati yenu amewahi kumpokea zamu hata siku moja? Mvueni risasi ndipo mumvute."

Kila mtu alikijua kisa cha Faki. Kuanzia kesho yake wanawake wakapokezana kumuuguza mgonjwa, na Mchanga akarudi shule bila kuchapwa wala kuburutwa.

Tangu hapo neno lile likawa la mji mzima. Watu hulisema bila kujua nani alilitamka kwanza. Mimi kila nikilisikia huisikia sauti ya msichana aliyesimama kwenye boti, kitambaa kimemvuka kichwani, akinifokea juu ya maji: mvue risasi ndipo umvute.