Kibahasha cha Dawa na Kiti Kimoja Kiwandani

Hapo zamani, na si zamani ya mazimwi, ni zamani ya juzi tu, kompyuta zimeshafika na umeme umeshaanza maringo yake ya kukatika, palikuwa na chuo kidogo cha usanifu wa michoro huko nyanda za juu, mahali penye baridi ya kumfanya mtu aoge kwa nadhiri. Mwalimu wa chuo hicho aliitwa Kissa. Kila mwaka, siku ya mahafali, Mwalimu Kissa alikuwa na raha yake na mateso yake. Raha ilikuwa kuwaona wanafunzi wake ndani ya majoho, na mama zao wakipiga vigelegele hadi mabati yanaitika. Mateso yalikuwa kuandika jina moja.

Maana chuo kilikuwa na makubaliano na kiwanda cha uchapaji cha mjini. Kila mwaka Mzee Haule, msimamizi wa chumba cha michoro kiwandani, alikuja siku hiyo kwenye maonyesho ya wanafunzi, akachagua kazi moja, akaenda kuichapa, na aliyeifanya, Mwalimu akishaliandika jina lake, akapewa ajira na kiti cha kukalia. Kiti, jamani. Sikusema benchi.

Mwaka huo Mzee Haule akapita mabango, akapita nembo, akapita kalenda yenye simba aliyefanana na mbuzi aliyekosa usingizi, akasimama mbele ya kitu cha ukubwa wa kiganja. Kibahasha cha kutilia vidonge. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Hiki nakichapa," akasema. "Zahanati zote za wilaya zinakihitaji. Kakifanya nani?"

Mikono mitatu ikainuka.

Mwalimu Kissa akafumba macho. Alijua siku hii itafika.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Lugano. Huyu alilelewa na bibi yake, Bibi Tumpe, mgonjwa wa presha. Muuguzi alimwandikia kwenye kibahasha: 1 x 3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Bibi hakujua kusoma, lakini uvivu wa kungoja aliujua. Akavimeza vyote vitatu asubuhi, nimalize nipumzike, akaanguka bandani miguuni pa ng'ombe. Lugano akakaa naye wodini siku mbili. Aliporudi darasani akasema, "Mwalimu, mwenye kosa si bibi, ni karatasi. Nataka karatasi inayozungumza na asiyesoma." Mwalimu Kissa akageukia dirishani akisingizia vumbi la chaki, na chuo chenyewe hakikuwa na chaki hata moja.

Shida ni kwamba Lugano hakuwa na mkono wa kuchora. Jua lake lilifanana na nungunungu. Mgonjwa angeliona angekwenda kutafuta mkuki.

Mkono wa pili ulikuwa wa Tusekile. Huyu akichora ndizi, unasikia njaa. Lugano alipomweleza habari ya bibi, akakubali hapo hapo. Akachora jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi mwembamba wa usiku, na chini ya kila mchoro kidonge kimoja. Wiki tatu alikesha na mwezi ule, akaubadilisha mara arobaini. Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu Kissa naye akapiga, na makofi yale anayajutia mpaka leo. Ndilo kosa la watu wa michoro hilo: kazi ya wasiosoma wakaionyesha kwa wasomi watupu, tena wasomi wa kuchora!

Bibi Tumpe akapewa kibahasha kipya. Asubuhi akameza, mchana akameza. Siku ya tano Lugano akakuta vidonge vya usiku vipo vyote.

"Bibi, hivi mbona hujameza?"

"Si nasubiri mwezi, mjukuu wangu? Mmenichorea mwezi, nami nasubiri uonekane. Tangu Jumatatu ni mawingu matupu."

Mkono wa tatu ulikuwa wa Ambokile. Huyu darasani alikuja kama mgeni wa harusi: akichelewa, akila, akichekesha, akiondoka. Aliposikia habari ya mawingu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Kesho yake akaenda zahanati, akakaa kwenye benchi pamoja na wazee na vikohozi vyao. Akakaa leo, akakaa kesho, akakaa siku tisa. Akamwamkia kila mzee, kisha akamwuliza: "Asubuhi yako unaijuaje? Mchana wako unaujuaje? Usiku wako je?" Wakamwambia asubuhi ni jogoo. Wakamwambia mchana ni chungu mekoni. Usiku ndio uliwatatiza, mpaka mzee mmoja aliyefiwa na mkewe akasema, "Usiku wangu, mwanangu, ni nikishatia komeo mlangoni. Baada ya hapo sina wa kusema naye."

Ambokile akarudi chuoni, akamkuta Tusekile hayupo, akaufuta mwezi. Ule wa mara arobaini! Tusekile akalia, akamrushia rula, akamnunia siku mbili. Siku ya tatu akakubali kusikia maneno ya wazee, akachora jogoo, akachora chungu, akachora mlango wenye komeo. Bibi Tumpe akameza vyote kwa wakati wake, na presha ikatulia.

Ndicho kibahasha alichokishika Mzee Haule. "Haya, semeni wenyewe," akasema.

Lugano akasema, "Mzee, bila mimi hakuna kibahasha. Wenzangu walikuwa na kazi ya darasani. Mimi nilikuwa na bibi."

Tusekile akasema, "Unachokitazama, mzee wangu, kila mstari ni wangu. Wazo lake lilikuja likiwa nungunungu. Tena nilikubali kuacha nilichokipenda nikaanza upya. Nani mwingine hapa ameacha kitu?"

Ambokile akasema, "Shikamoo, mzee. Kuchora sijui, hilo liko wazi kama upara wako, samahani. Lakini hawa walitengeneza kibahasha kizuri cha kusubiria mawingu. Aliyekwenda kuwauliza wenye ugonjwa ni mimi."

"Ukipewa kiti utachora nini, salamu?" akafoka Tusekile.

"Na wewe ukipewa peke yako, utawachorea miezi hadi wazee waishe!"

"Jamani," akasema Lugano, "bibi yupo hapa."

Kweli alikuwepo, mstari wa mbele, na kitenge kipya. Mzee Haule akamwinamia. "Mama, dawa ni zako. Tuchagulie." Ukumbi ukajua jibu. Lugano mwenyewe akalinyoosha joho lake.

Bibi Tumpe akainuka, akawashika mikono mmoja mmoja. "Huyu nilipoanguka alilia mpaka nikaona aibu kufa. Binti huyu, jogoo wake namjua, ni yule wangu waliyeniibia. Na huyu msumbufu... miaka yote naandikiwa dawa, hakuna aliyewahi kuniuliza usiku wangu naujuaje." Akakaa. "Mimi sichagui. Nimekuja kula pilau."

"Basi, Mwalimu, andika wewe," akasema Mzee Haule kwa upole. "Ningekuwa na viti vitatu ningewabeba wote. Mwenye kiwanda katoa kimoja."

Mwalimu Kissa akaichukua karatasi. Aliyekosa kiti mwaka jana alimwona juzi stendi akiuza vocha, na vidole vyake vilikuwa vya dhahabu. Akaandika tarehe. Akaandika jina la chuo. Akalipigia mstari jina la chuo, mstari ambao hakuna aliyeuomba. Alipoinua macho aliwaona Ambokile anamfuta Tusekile machozi kwa mkono wa joho la kuazima, na Lugano amewashika wote wawili mabega, wanamtazama yeye.

Nanyi mnaocheka huko nyuma, msimwachie mwalimu mzigo huu peke yake. Yuko aliyeiona shida, yuko aliyeitia sura, yuko aliyekwenda kuuliza. Kalamu imeshagusa karatasi. Je, aandike jina la nani?