Mlango Mfupi wa Saynab

Wahenga waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuwa na haja na kitanda. Walimaanisha kuwa kitu cha thamani hakipatikani kwa kusimama wima. Mwulizeni Nakiete.

Nakiete alikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka Same, Tanzania, aliyejitolea miezi mitatu katika zahanati moja karibu na Kutulo, kaskazini mwa Kenya. Darasani alikuwa hashikiki. Kazi aliyopewa ni kuchanja watoto, maana surua ilikwisha kufika kwa watu wa kisima cha jirani. Siku ya kwanza alisimama nje ya nyumba ya mama mmoja, Saynab, daftari mkononi, akamwona Hanad, kitinda mimba wa mama huyo. "Jamani, mtoto mnene huyu!" alisema. Akamchanja, akaenda zake.

Siku ya saba Hanad akapata homa. Homa hiyo ni ya kawaida baada ya chanjo, lakini kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilijua kwamba mgeni ana jicho baya. Tangu hapo hakuna mama aliyekanyaga zahanati.

"Andika kwamba wamekataa," alisema Muriuki, muuguzi mkuu. "Nimekaa hapa miaka sita, nawajua. Alhamisi chanjo zinarudi Mandera."

"Leo Jumatatu, kaka Muriuki. Sitaandika."

Alikwenda kwa Saynab, akafukuzwa. Jumanne akaenda tena, na mkeka wa mlangoni ukashushwa mbele ya uso wake. Aliumia, machozi yakamlenga, lakini aliwafikiria wale watoto na kile kisima. Akamwendea Idil, mfagiaji wa zahanati, akamsihi amweleze kosa lake bila kumficha.

"Wewe nasifu mtoto ya watu bila masha Allah," Idil alisema. "Hapo umeitia yeye jicho. Halafu nasimama nje kama askari. Hata maziwa hukukunywa."

Jumatano asubuhi Nakiete aliliacha daftari mezani. Nyumba ya Saynab ni ya miti na mikeka, na mlango wake ni mfupi. Asiyeinama hugongwa kipaji cha uso. Binti alijikunja hadi magoti yakagusa mchanga, akaingia, akatoa salamu, akaketi chini.

"Mama, nimekosa. Sikujua, tena sikuuliza. Masha Allah, Mungu amhifadhi Hanad."

Mtoto alikwisha kupoa, anavuta shungi la mamake. Saynab akamimina maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Nakiete akayanywa yote.

"Sasa umekuja kama mtu," Saynab akasema. "Mimi nafikiri wewe naona sisi mbuzi ya kuhesabu."

Alhamisi, gari la kuchukua chanjo lilikuta foleni ya akina mama imezunguka zahanati, Saynab mbele akiwapanga. Masanduku yalirudi Mandera matupu. Muriuki alimwuliza Nakiete alitumia dawa gani, naye, akiwa ameinama juu ya mtoto wa arobaini na moja, akaendelea kuchanja. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.