Fisi Aliyekataa Shoka

"Bibi, Mwanapili anatuangusha. Tunapigana na dude kubwa kama nyumba, yeye yuko nyuma anapiga zeze."

Ndivyo alivyoniambia Shamte jana, mtu mzima na ndevu zake, kasimama mlangoni na simu mkononi kama aliyeleta habari ya msiba. Mwanapili ni binti wa mjomba wake. Wanacheza gemu moja la kwenye simu, kila mtu yuko kwake lakini wanakutana humo ndani. Ukiingia unachagua mtu wa kuwa: mpiganaji, mganga, mvuvi, utakavyo mwenyewe. Mwanapili kachagua kuwa mpiga zeze. Shamte kamwambia zeze halina faida, ashike upinde kama wenzake, upinde ndio bora. Mwanapili kakataa, Shamte kamtoa kundini. Sasa hawasalimiani, na Ijumaa iliyopita kila mtu kala na sahani yake pembeni. Nyumba hii, ambayo tangu babu yao anaijenga watu wanakula sinia moja.

Nikamuuliza, "Kwani hilo zeze analipiga vibaya?"

"Bibi, suala si kupiga vizuri. Suala ni faida."

"Na wewe huo upinde unaupenda?"

Akaigeuza simu mkononi. "Mimi nilitaka kuwa mvuvi. Lakini mvuvi hana faida."

Nikamwambia kaa chini nikupe maneno. Akasema wenzake wanamsubiri kwenye simu. Akaenda zake. Basi maneno niliyotaka kumpa nakupa wewe. Sogea hapa, na ukisinzia nakuingiza kwenye hadithi uwe kiroboto wa fisi.

Mwaka huo jua lilikaa juu ya nchi kama limepanga chumba. Mito ikawa njia za kupita kwa miguu. Wanyama wakabakiwa na bwawa moja tu, na bwawa lenyewe lina Mamba. Ukiinama kunywa, huinuki.

Simba akaenda ukingoni, kapandisha kidevu. "Mimi ni Simba."

"Najua," akasema Mamba. "Na mimi ni Mamba. Tumeshajuana, rudi nyumbani."

Simba hajazoea kujibiwa hivyo. Akakohoa, akasema wenziwe wana kiu, watoto wanalamba mawe. Mamba akapiga miayo, kila mtu akayaona meno yote.

"Hapa majini kupigana na nyie nimechoka, nashinda kila siku mpaka naona haya. Tuingieni kwenye gemu. Humo mimi ndiye Zimwi. Mkinishinda, mtakunywa mpaka mvua inyeshe, na mimi nahamia kule kwenye tope. Nikiwashinda, kila anayekuja kunywa ananiachia mguu mmoja."

"Mguu gani?" akauliza Kobe.

"Achague mwenyewe. Mimi si mkorofi."

Usiniulize wanyama walipata wapi simu. Kama maneno waliyapata, simu ndiyo itawashinda? Na chaji walitia kwa jua, maana jua ndicho kitu pekee ambacho hakikuwa haba.

Basi wakaingia, kila mmoja akachagua mtu wa kuwa. Simba akachagua mtu mwenye nywele ndefu kuliko wote, zinafika kiunoni, akikimbia zinapepea. Kazi ya huyo mtu hata hakuiuliza, nadhani alikuwa muuza mikate. Kobe akachagua tarishi mwenye viatu vya mbio, akashinda anazunguka humo kama upepo, anapita watu anawaambia, "Samahani, nina haraka." Maisha yake yote alikuwa hajapata nafasi ya kusema neno hilo.

Na Fisi akachagua kuwa mpishi wa shughuli, ana masufuria makubwa, mwiko mrefu na mkeka wa wageni.

Walimcheka. Fisi tunamjua sote. Akisikia karamu, anafika kabla ya mwenye nyumba hajawasha moto, na anaondoka na sufuria. Mwenyewe anaona haya, lakini nyama ikipita mbele yake mkono unakwenda peke yake. Kwenye simu ikawa kitu kingine. Chakula cha kwenye simu hakiingii tumboni, kwa hiyo Fisi akakigawa kwa mkono wazi. "Ongeza, mwenzangu. Usione haya, chakula kipo." Akisema hivyo mwenyewe machozi yanamlengalenga. Alikuwa hajawahi kuwa mkarimu hata siku moja, akaona kumbe ni kitamu.

Ndipo akatokea Sungura.

"Hivi nyie mnataka maji au mnataka kujifurahisha?"

"Vyote," akasema Kobe.

"Vyote havipo. Nimepiga hesabu." Sungura kila siku amepiga hesabu, na hakuna aliyewahi kuziona. "Katika gemu hili mtu bora ni mmoja tu, mbeba shoka. Wote tuwe wabeba shoka. Simba, nywele zinaua? Kobe, unakimbilia wapi wakati vita viko hapa? Na wewe Fisi, Zimwi utalipiga na pilau?"

Kila mtu akajiona mjinga. Simba akanyoa zile nywele kwa kidole chake mwenyewe, akavishwa kofia ya chuma. Akageuka pembeni, akasema vumbi limemwingia jichoni. Kobe akavua viatu vya mbio. Wakaanza mazoezi: kushika shoka, kukata gogo, kushika shoka, kukata gogo.

"Hivi tunacheza au tunalima?" akauliza Kobe.

"Tunafanya kilicho bora," akasema Sungura, akatoka mbio kwenda nyuma ya kichaka.

"Unakwenda wapi tena?"

"Haja ndogo."

Fisi akamsindikiza kwa macho. "Mwenzetu ana bahati. Mimi hata mate ya kutema sina."

Hakuna aliyewaza zaidi. Kiu inapumbaza. Lakini wewe hapo umekunywa maji yako, umeshaelewa. Sungura alikwenda kwa Mamba kwa siri, akamwambia, "Mimi nitakuletea wote wameshika shoka. Wewe valisha Zimwi lako ngozi isiyopenywa na shoka, huna haja ya kuhangaika na kingine. Mimi nipe pembe moja ya bwawa ninywe." Mamba akaona ni rahisi. Kila siku watu wakilala Sungura yuko pembeni pale, anakunywa mpaka tumbo linacheza.

Ikabaki Fisi tu hajabadilisha.

"Bonyeza," akasema Sungura.

"Kidole kinakataa."

"Utatukosesha maji kwa ajili ya pilau ya picha."

"Najua."

"Hata hailiki."

"Ndiyo maana naipenda," akasema Fisi. "Nyingine zote nilizila kabla wageni hawajafika."

Simba akanguruma, akamwambia mimi nimetoa nywele zangu na wewe unashikilia mwiko. Fisi akainama, mkia kauficha. Alijua miguu inayozungumzwa ni pamoja na ya kwake, na ya kwake ya nyuma tayari ni mifupi. Akakisogeza kidole. Kikarudi. Mwisho Sungura akaona sufuria moja haliwezi kuharibu mpango wake. "Mwacheni akae nyuma. Asitutie aibu mbele za watu."

Siku ya siku ikafika. Wanyama wamekaa ukingoni na simu zao, Mamba yuko majini, simu yake kaiweka juu ya jiwe isilowe. Wakaingia. Zimwi likatoka pangoni, ngozi inameta kama bati jipya.

Simba akapiga shoka. Kwaa. Likarudi. Nyati akapiga. Kwaa. Kobe akapiga, shoka likarudi likamwangukia mwenyewe. Wote wamesimama namna moja, wanapiga namna moja, na Mamba anajua mkono utatokea wapi kabla haujatokea. Anacheza huku anasinzia. Mmoja mmoja wakaanguka, simu zikawa nyeusi, na kila anayeanguka anaitazama miguu yake, anawaza aanze na upi.

Akabaki Fisi peke yake, huko nyuma, kajitandikia mkeka. Zimwi likaja mpaka likasimama juu yake. Fisi alitaka kukimbia, lakini alikuwa ameshapakua, na mpishi wa shughuli akiona kivuli cha mtu juu ya mkeka neno linamtoka lenyewe.

"Karibu chakula, mgeni."

Mamba kule majini akafumbua macho yote mawili. "Umesemaje?"

"Nimesema karibu."

"Unamwambia nani?"

"Wewe. Nani mwingine kasimama hapa?"

Mamba akatazama huku na huku. Mwenzangu, tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia Mamba karibu. Watu wakimwona wanasema mengine. Na mama yake, hata kama alikuwa mamba, alimlea: ukikaribishwa chakula, unakaa. Hukanyagi mkeka na viatu, na huli na silaha mwilini.

Zimwi likavua viatu. Likavua na ile ngozi ya bati, likaiweka pembeni. Likakaa.

"Pilau hii ina nini?" akauliza Mamba.

"Ya kuku. Na kachumbari ipo. Ongeza, usione haya."

Simba, ambaye amekufa kwenye gemu lakini mdomo uko hai, akamnong'oneza Fisi, "Kavua ngozi. Chukua kisu cha vitunguu, mchome sasa hivi."

"Kwenye mkeka wangu?" akasema Fisi. "Mgeni yumo anakula?"

"Tunakufa kiu."

"Tutakufa. Lakini huyu amalize kwanza." Yeye mwenyewe akajishangaa. Mbona mkono hauendi? Pilau iko mbele yake na mgeni anapakuliwa, na mkono wake umetulia.

Zimwi likala, likanawa, likashukuru. Fisi akakusanya vyombo, akasema kwa sauti ndogo, "Haya, mgeni wangu. Sasa tupigane."

Mamba akaisogelea simu yake. Akaanza kuinua kidole, akakishusha. "Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Nimekula chumvi yako. Nikupigeje?"

"Ni chumvi ya kwenye simu, bwana," akasema Nyati, ambaye hakujua wakati wa kunyamaza.

"Nimekula sikula?"

"Umekula."

"Nimeshukuru sikushukuru?"

"Umeshukuru."

"Basi imekwisha. Mimi naweza kuwa mla watu, lakini si mtu asiye na adabu. Fisi, umenilisha, na mgeni akilishwa anamuuliza mwenyeji shida yake. Shida yako nini?"

"Maji," akasema Fisi.

Hapo Sungura akaona pembe yake ya kunywa inaondoka. Akaruka juu, masikio yamesimama, akasahau aliko. "Mamba, mmalize huyo. Si tulipatana wote washike shoka wewe ushinde? Ngozi si mimi niliyekwambia uvae?"

Hata nzi walitua.

Simba akageuka polepole. "Mlipatana lini?"

"Ninyi hamkusikia vizuri," akasema Sungura.

"Tumesikia," akasema Kobe. "Na zile haja ndogo za kila saa sasa nimezielewa. Sisi sote tumesahau hata njia ya kichakani, wewe umeiotesha majani."

Sungura akatazama wapi atakimbilia. Simba yuko huku, Nyati kule, na bwawani kuna Mamba ambaye naye amekasirika, maana ameonekana kama asingeshinda bila kusaidiwa. Wakataka kumla. Fisi ndiye aliyesema, "Msimle, mimi nina vyombo." Akamwingiza kwenye gemu awe mwosha masufuria, na masufuria ya shughuli unayajua yalivyo. Mpaka leo ukimwona sungura kakaa kitako anasugua mikono yake ya mbele, usidhani anajipangusa. Anaosha.

Shida ya mwenyeji ni maji, basi Mamba akawaachia bwawa, wakanywa. Mamba akahamia kwenye tope kama alivyosema, na kila siku jua likipungua anaingia kwenye gemu kwenda kula kwa Fisi, kavaa vizuri. Simba akaotesha nywele zake tena, zikapita kiuno. Kobe hajulikani yuko wapi, ana haraka. Na usifikiri Fisi alibadilika, maana jioni ile ile aliiba paja la nyama ya Simba akala na mfupa. Ukarimu wake uko humo humo kwenye simu. Lakini ni wake.

Sungura hakuwashinda kwa nguvu, aliwashinda kwa neno moja, bora. Alipolisema kila mtu akatupa cha kwake akashika cha mwenzake, na wote walipofanana ikawa rahisi kuwapiga. Aliyewaokoa ni yule aliyekataa kuacha anachokipenda, na wala hakukataa kwa akili, ni kidole tu kiligoma.

Haya, simu unayo. Mpigie Shamte, mimi akiiona namba yangu anasema mtandao mbovu. Mpe maneno haya yote, usimrukie ile ya mkeka. Kisha mwambie Ijumaa naweka sinia moja, la pili sina. Mwanapili atakuja na zeze lake la simu, atupigie. Na yeye Shamte aje na samaki.

Atakuuliza samaki gani. Mwambie Bibi kasema wewe ndiye mvuvi, unajua.